Rula, Mabeseni Matatu na Daftari: Wiki Moja ya Kujifunza Saikolojia Nyumbani

Nimefundisha saikolojia kwa wanachuo wa ualimu kwa miaka kadhaa. Miaka ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundishwa: fasili ubaoni, wao wanaandika, wanakariri, wanaimwaga kwenye mtihani, tunaachana. Siku moja nikamuuliza binti aliyeongoza darasa: hipokampasi, ile sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, inakufanyia kazi gani wewe, sasa hivi, hapo ulipoketi? Akanitajia fasili ileile, neno kwa neno, mpaka mkato niliouweka ubaoni. Kosa lilikuwa langu. Muhula uliofuata niliingia darasani na rula.

Mwongozo huu umetokana na rula hiyo. Ni wa mtu anayeanza somo hili chuoni, au mzazi na mwalimu anayetaka tu kujua kichwa kinafanyaje kazi. Unachukua siku saba, nusu saa hivi kwa siku. Tafuta rula ya sentimita 30, daftari, kalamu, kioo kidogo cha kujitazamia, mabeseni matatu, kibanio cha nywele cha waya, sukari, mdalasini wa unga, chumvi na msaidizi mmoja. Kilicho kigumu kupatikana hapo ni msaidizi asiyecheka.

Sheria ni moja. Kabla ya kila jaribio, andika kwa wino unavyodhani itakuwa, ndipo ufanye. Usiseme utaandika baadaye. Matokeo yakishajulikana, akili huyasogeza mawazo yako ya awali mpaka yafanane nayo, na wewe utaapa kwamba ndivyo ulivyofikiri tangu mwanzo. Mtaani ugonjwa huu una jina lake: "nilijua tu". Mechi ikiisha, kijiwe kizima kilijua. Baruch Fischhoff aliupima kwa majaribio mwaka 1975, akakuta watu wakishaambiwa jambo lilivyokwisha huona kama lilikuwa wazi toka awali. Daftari ndilo litakalokusuta.

Hatua ya 1: Anza na kumbukumbu, ingawa utaivuna mwisho

Kumbukumbu inataka muda, kwa hiyo inaandaliwa siku ya kwanza. Mambo ni mawili.

La kwanza, soma maneno haya kwa sauti, mara moja tu, neno moja kila baada ya sekunde mbili hivi. Ukimaliza endelea mbele, usirudi juu kuchungulia.

kitanda, shuka, ndoto, kukoroma, mto, usiku, blanketi, miayo, godoro, uchovu, chandarua, kuamka

La pili, chukua kitabu chochote cha shule usichokijua vizuri, jiografia au kilimo kwa mfano, uchague vifungu viwili vya nusu ukurasa, vinavyolingana urefu na ugumu. Viite A na B. Kifungu A kisome mara nne mfululizo. Kifungu B kisome mara moja, funga kitabu, andika yote unayoyakumbuka. Geuza karatasi, chukua nyingine tupu, uandike tena. Kisha mara ya tatu. Usifungue kitabu katikati, hata roho ikikuuma. Halafu andika utabiri: siku ya saba utakumbuka kipi zaidi? Funga karatasi zote kwenye bahasha, uzisahau.

Hatua ya 2: Pima mwendo wa ubongo kwa rula

Msaidizi aibane rula kwa juu ili ining'inie wima, sifuri ikiwa chini. Wewe weka kidole gumba na cha shahada pembeni ya sifuri, wazi kidogo, bila kuigusa. Aiachie bila kukuonya. Idake. Soma sentimita zilizo juu ya kidole gumba, ziandike. Rudia mara kumi, piga wastani.

Kwa kuwa kila kitu huanguka kwa mwendo uleule, rula hapa inakuwa saa. Ukiidaka kwenye sentimita 10, ulitumia sekunde 0.14 hivi. Sentimita 15 ni sekunde 0.17, sentimita 20 ni 0.20, sentimita 25 ni 0.23, na sentimita 30 ni robo ya sekunde. Wengi hudaka kati ya 15 na 22.

Sasa rudia huku ukihesabu kwa sauti kurudi nyuma kwa saba saba: 100, 93, 86, 79... Darasani kwangu hapa ndipo rula zinapoanza kupiga sakafu, na vicheko vinaanza. Vicheko hukoma nikiuliza nani ana pikipiki. Bodaboda inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita mita 17 kwa sekunde moja. Sekunde 0.2 tu, yaani kabla kidole hakijaanza kugusa breki, tayari imekula mita tatu na zaidi. Ongeza hapo dereva anayepatana bei na abiria kwenye simu.

Nini kimepita ndani? Mwanga wa rula umeingia jichoni, ukageuzwa ujumbe wa umeme kwenye retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho, ukapelekwa kisogoni ambako ndiko ubongo unakoonea, ukasonga mbele hadi kwenye ukanda unaoendesha misuli, ukashuka kwa uti wa mgongo hadi mkononi. Zamani wataalamu waliamini safari hiyo haina muda wa kupimika. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliipima kwenye neva ya chura, yaani uzi unaobeba ujumbe huo mwilini, akapata karibu mita 30 kwa sekunde. Neva za kasi za binadamu zinafika mita 100 na kitu. Ukipiga hesabu utaona njia ya kutoka kichwani hadi kidoleni ni fupi mno kumaliza sekunde 0.2. Sehemu kubwa ya muda inaliwa jichoni na kichwani: kuona, kutambua, kuamua.

Ramani fupi ya kichwa

Kunja ngumi zako mbili, uziunganishe vidole kwa vidole. Ubongo wako ni ukubwa wa karibu hapo. Una kilo 1.3 au 1.4, kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yako. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia semina ya kuamsha "asilimia 90 ya ubongo usiyoitumia", mwulize ni mwili gani wa maskini ungelisha kiungo ghali namna hiyo kikae bure.

Seli za neva ndani yake ni kama bilioni 86. Nne ya tano yake zimejazana kwenye serebela, kile kifundo cha chini kisogoni kinachoratibu mwendo na mizani ya mwili, ingawa uzito wake ni sehemu moja ya kumi tu ya ubongo. Juu ya kisogo ni kuona. Pembeni, usawa wa masikio, ni kusikia, na ndani zaidi upande huohuo ndiko ilikojificha hipokampasi. Juu ya utosi kuna kanda mbili zilizo bega kwa bega, ya mguso nyuma na ya mwendo mbele. Nyuma ya paji la uso ni kupanga na kujizuia.

Jambo moja wanafunzi hulisahau kila mwaka: nusu ya kushoto ya ubongo huendesha upande wa kulia wa mwili, na kinyume chake. Kama kwenu kuna mzee aliyepigwa na kiharusi, akapooza mkono wa kulia na maneno yakampotea, umeshaiona ramani hii bila kitabu, kwa sababu kwa watu wengi lugha nayo inakaa kushoto. Paul Broca alianza kulionyesha hilo Paris mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa lakini alibaki na silabi moja tu mdomoni, "tan". Alipofariki, Broca alikuta jeraha kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto.

Vitabu vingi vitakupa pia kisa cha Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli huko Vermont, Marekani, aliyetobolewa kichwa na chuma cha zaidi ya mita moja mwaka 1848, akaishi. Kisome, ila kwa tahadhari. Husimuliwa kwamba aligeuka mtu wa hovyo maisha yake yote, na huku inajulikana kwamba baadaye alifanya kazi kwa miaka kadhaa Chile, akiendesha magari ya farasi. Hiyo si kazi ya mtu aliyeharibika kabisa.

Hatua ya 3: Tafuta tundu lililo kwenye macho yako

Kwenye karatasi nyeupe chora msalaba mdogo kushoto na doa jeusi la ukubwa wa punje ya maharage kulia, sentimita 8 kutoka msalaba. Funika jicho la kushoto. Tazama msalaba kwa jicho la kulia, usiuache. Shika karatasi mbali kwa urefu wa mkono, isogeze taratibu kuelekea usoni. Ikifika sentimita 30 hivi, doa litatoweka. Ukiendelea kusogeza, linarudi.

Hapo neva ya jicho inatokea kwenda ubongoni, na mahali inapotokea hapana chembe za kupokea mwanga. Kila jicho lina doa pofu hili. Umetembea nalo tangu kuzaliwa na hujawahi kuona tundu popote.

Usiishie hapo, maana utamu uko mbele. Chora mstari mnene unaopita katikati ya doa, kutoka juu ya karatasi hadi chini. Rudia. Doa likitoweka, tazama mstari: haujakatika. Ubongo umeujaza. Umetazama juu na chini ya tundu, ukakisia kilichopaswa kuwapo, ukakichora, tena bila kukwambia kwamba umechora. Weka alama pembeni ya ukurasa huu wa daftari, tutaurudia.

Kukisia huko kunategemea pia ulikokulia. Chora mistari miwili iliyolingana. Wa kwanza uutie ncha za mshale zinazofunga ndani, wa pili ncha zinazofunguka nje kama matawi. Muulize msaidizi upi mrefu. Katika miaka ya 1960 Marshall Segall na wenzake waliwaonyesha picha hizi watu wa jamii nyingi, wakiwemo Wanyankole wa Uganda na Wasan wa Kalahari. Waliodanganyika zaidi ni Wamarekani wa Evanston, karibu na Chicago. Wasan walidanganyika kidogo mno. Watafiti walihisi kwamba mtu aliyekulia kwenye vyumba vya pembe nne huzoea kusoma kila kona kama umbali. Maelezo hayo yanabishaniwa hadi leo, lakini somo lenyewe linabaki: jicho la "kawaida" lililoandikwa vitabuni mara nyingi ni la mwanafunzi wa chuo cha Marekani.

Hatua ya 4: Ngozi, na ugomvi wa mikono miwili

Beseni la kulia litie maji ya moto ya kuogea, si ya kuchemka. La kushoto maji baridi, yenye barafu ukipata. La katikati maji ya vuguvugu. Kila mkono ukae kwenye beseni lake la pembeni dakika moja, kisha yote miwili iingie katikati kwa pamoja. Mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisi ya mikono asiwekwe kwenye maji ya moto, hataijua hatari.

Binti yangu alipofanya jaribio hili barazani, mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Akakunja mikono ya gauni akaingiza.

"Haya maji mmeyatia dawa gani?"

"Hamna dawa, Bibi. Ni maji yaleyale ya bombani."

"Mkono huu unasema baridi, huu unasema moto. Lazima mmoja muongo."

"Yote miwili inasema kweli, Bibi," binti akamjibu.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akanyamaza kidogo, kisha akataka tuanze upya, safari hii akibadilisha mikono. Nimekuwa na wanafunzi wa shahada ambao wazo hilo halikuwajia.

Mwingereza John Locke aliliandika jambo hili tangu mwaka 1690. Ngozi si kipimajoto. Inaripoti mabadiliko kutoka ilikokuwa, ndiyo maana maji ya bahari ni ya baridi kwa anayeingia na ni mazuri kwa aliyemo.

Kisha chukua kibanio, kikunjue ncha mbili zikae wazi milimita 3. Msaidizi afumbe macho. Mguse kwenye ncha ya kidole kwa ncha zote mbili kwa pamoja, umuulize ni moja au mbili. Atasema mbili. Mguse vilevile mgongoni: moja. Endelea kupanua mpaka aseme mbili. Mgongoni unaweza kufika sentimita 4. Kidole kimejaa vipokezi, yaani chembe za kuhisi mguso, na ubongoni kimepewa shamba kubwa kuliko mgongo mzima. Daktari wa upasuaji Wilder Penfield alichora ramani ya mashamba hayo huko Montreal miaka ya 1930, kwa kugusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme mdogo na kuwauliza wanahisi wapi. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, ndiyo maana iliwezekana. Mikono na midomo vilichukua sehemu ya ajabu.

Hatua ya 5: Pua na ulimi

Hii ni fupi. Changanya sukari na mdalasini. Bana pua, weka kijiko kidogo mdomoni, tafuna. Utapata utamu tu. Achia pua: mdalasini unaingia kama umefunguliwa mlango. Ulimi unajua tamu, chumvi, chachu, chungu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama inayoitwa umami. Mengine tunayoyaita ladha ni kazi ya pua, kama ajuavyo kila mwenye mafua.

Weka chembe za chumvi kwenye ncha ya ulimi, kisha pembeni, kisha nyuma. Unaisikia kote. Ile ramani ya ulimi yenye sehemu ya utamu mbele na uchungu nyuma, ambayo bado imo kwenye madaftari ya shule, imetokana na matokeo ya Mjerumani David Hänig ya mwaka 1901, yaliyoonyesha tofauti ndogo tu, yakaja kukuzwa na kusomwa vibaya. Ikiwa mwanao amechorewa, mwache aichore kwenye mtihani, nyumbani mpe chumvi.

Na pilipili si ladha. Inagusa vipokezi vya joto kali na maumivu, ndiyo maana inaunguza hata jicho. Kwa ugunduzi wa kipokezi hicho David Julius alipata Nobeli ya mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyechunguza mguso.

Tunafundishwa milango mitano ya fahamu, lakini fumba macho uguse pua kwa kidole: umeipataje bila kuiona? Misuli na maungio yako yana vipokezi vinavyosema kila kiungo kiko wapi, na sikio la ndani linasema umesimama au umeinama. Kiswahili hapa kimewatangulia wenye vitabu. Tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Jicho peke yake ndilo lililonyimwa kitenzi hicho.

Hatua ya 6: Namba ngapi zinakaa kichwani?

Msaidizi akusomee tarakimu kwa sauti, moja kwa sekunde, bila mpango wowote. Aanze na nne. Ukizirudia sawasawa, aongeze moja. Ukikosea mara mbili mfululizo, simama. Wengi husimama kati ya tano na tisa. George Miller aliandika mwaka 1956 kuhusu "saba, ongeza au punguza mbili", na namba hiyo imekuwa maarufu kupita kiasi. Tafiti za baadaye zinasema tukizuiwa kurudiarudia kimoyomoyo tunabaki na vitu kama vinne.

Na huko kurudiarudia kunahesabika. Alan Baddeley na wenzake waliona mwaka 1975 kwamba mtu hushika takriban maneno anayoweza kuyatamka ndani ya sekunde mbili. Sasa fikiria tarakimu zetu: moja, mbili, tatu, nne, zote zina silabi mbili. Za Kiingereza nyingi zina moja. Jipime kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, uone kama ndiyo sababu watu wengi mjini wakikutajia namba ya simu wanaruka lugha. Asiyezoea Kiingereza atapata kinyume, kwa kuwa kinachoshinda ni lugha iliyo nyepesi mdomoni.

Kisha jaribu hii: 196119631964. Tarakimu kumi na mbili, hazishikiki. Zikate: 1961, 1963, 1964. Uhuru wa Tanganyika, uhuru wa Kenya, Muungano. Zimekuwa vitu vitatu, nawe hutazisahau leo. Kichwa hakikuongezeka ukubwa, ila ulichokuwa unakijua tayari kimebeba mzigo.

Hatua ya 7: Rudi kwenye yale maneno

Bila kuchungulia, andika maneno ya Hatua ya 1 unayoyakumbuka. Halafu jibu ndiyo au hapana: lilikuwemo neno gari? Godoro? Usingizi? Meza? Chandarua?

Tazama sasa. "Usingizi" halimo. Watu wengi huliandika, na wengine watakwambia hata walilisikia likitamkwa. Kila neno kwenye orodha lilikuwa linaligonga mlango, mwisho likafunguka lenyewe. James Deese alianzisha orodha za namna hii mwaka 1959, na mwaka 1995 Henry Roediger na Kathleen McDermott walizifufua: neno lisilokuwepo lilikumbukwa karibu sawa na maneno halisi ya katikati ya orodha. Halafu jiulize neno "mto" ulilielewaje. Kuna mwanafunzi aliniuliza ni wa Rufiji au wa pamba. Ni yeye peke yake, miaka yote hiyo. Wengine wote ubongo uliwachagulia bila kuwauliza.

Fungua ule ukurasa uliouwekea alama. Mstari uliopita juu ya doa pofu na neno "usingizi" ni mchezo uleule: pengo, jirani zake, kisha kisio linalovaa nguo za ushahidi.

Ndiyo maana swali huharibu shahidi. Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari mwaka 1974. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Waliosikia "yalipopondana" walisema ndiyo 16 kati ya 50, wale wengine 7 kati ya 50. Mwalimu anayeuliza "nani aliyempiga mwenzake?" badala ya "kilitokea nini?" ameshaandika nusu ya jibu.

Nami sijapona. Nilipokuwa naandaa mwongozo huu nilifungua daftari la binti yangu kuangalia siku ya mabeseni. Ameandika, kwa mwandiko wake na kwa wino: *Bibi kasema mikono yote inasema kweli ila kila mmoja umetoka kwake.* Aliyesema ni mama mkwe. Kwa miaka miwili nimesimulia darasani kwamba ni binti yangu, na hapo juu nimekuandikia hivyohivyo kama ninavyolikumbuka, kwa sauti yake. Bado nikifumba macho ni yeye ninayemsikia.

Hatua ya 8: Nyota kwenye kioo

Chora nyota kubwa ya mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, iwe kama barabara. Simamisha kioo mbele ya karatasi, na kitabu kikuzuie kuuona mkono moja kwa moja. Tazama kioo tu, pitisha kalamu ndani ya barabara. Mara za kwanza mkono utakwenda usikotaka, utaudhika. Hesabu mara unazotoka nje. Fanya mara kumi kwa siku, siku tatu.

Makosa yatapungua. Lakini jaribu kumweleza mtu kwa maneno ni nini hasa umejifunza. Huwezi. Fundi cherehani naye hawezi kukwambia mguu wake unajuaje pedali.

Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa, alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville, aliyeondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kutunza tukio jipya: alikula na kusahau kwamba amekula, aliwasalimu kila siku kama wageni watu waliomhudumia kwa miaka. Mambo ya utotoni alikuwa nayo. Namba chache aliweza kuzishika almuradi hakukatizwa. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa nyota ya kioo kama hiyo yako. Siku ya tatu mkono wake ulikuwa umeshajua kazi, na huku yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuiona ile karatasi.

Hapo ndipo wataalamu walipoona kwamba kumbukumbu si ghala moja. Kushika kwa muda mfupi ni kitu kimoja, kutunza matukio ni kingine, ujuzi wa mikono ni kingine tena, na hipokampasi inahusika na kile cha pili, kutunza matukio. Alijulikana vitabuni kama H.M. hadi alipofariki mwaka 2008, ndipo jina lake likatajwa. Nikifika hapa darasani huwa namrudia yule binti aliyeongoza: hipokampasi ndiyo itakayokuwezesha kesho kujua kwamba leo tuliongea.

Hatua ya 9: Siku ya saba, fungua bahasha

Usisome chochote kwanza. Chukua karatasi mbili tupu, andika unayoyakumbuka ya kifungu A, kisha ya B. Halafu ndipo ufungue kitabu, uhesabu hoja ulizopata kwa kila kimoja.

Roediger na Jeffrey Karpicke walifanya hivi na wanachuo mwaka 2006. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliojipima walikuwa na 61. Na wale waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Linganisha na utabiri wako.

Kama vyote viwili vimepungua sana, usijilaumu. Hermann Ebbinghaus alijikaririsha silabi zisizo na maana, akapima muda aliookoa kila alipojifunza upya, akachapisha mwaka 1885. Baada ya saa moja alikuwa anaokoa asilimia 44 ya kazi ya awali, baada ya siku moja 34, baada ya siku 31 bado 21. Anguko kubwa ni la mwanzo, kisha linatulia. Kwa hiyo marudio ya kwanza yafanye kesho yake, yanayofuata baada ya siku tatu hivi, kisha wiki, na kila mara kitabu kikiwa kimefungwa.

Anza leo na kifungu A, kwa kuwa ndicho kilichoumia. Kitabu funga, kalamu shika, na kabla ya kuandika neno la kwanza weka utabiri wako juu ya ukurasa.